Mji wa Nabeesa

Tunda gani hubeba mtoto wake nje ya tumbo? Wanawake wa chumba cha kubangulia, pale kiwandani nje kidogo ya mji wa Kollam, hawapotezi muda na kitendawili hicho. Tunda ni bibo, na mtoto ni korosho, na korosho ndiyo iliyowalisha, ikawaoza, ikawazeesha. Hukaa chini kwa mistari, kila mmoja na jiwe lake mbele na nyundo yake ya mbao mkononi. Magunia mengine yametoka mbali, hata Mtwara. Kutwa nzima ni ko, ko, ko, kama mvua inayogonga mabati bila kuchoka.

Devayani alikaa mstari wa tatu, karibu na dirisha, tangu akiwa na miaka kumi na minne, na sasa alikuwa na hamsini na sita. Kushoto kwake, mwaka nenda mwaka rudi, alikaa Nabeesa. Mmoja aliwasha taa mbele ya miungu yake asubuhi, mwingine alitandika mswala wake, lakini mchana sahani ilikuwa moja, wali na mchuzi wa samaki, na mkia wa samaki uligombewa.

Wabanguaji wengine walikuwa hodari, Devayani alikuwa sifa ya kiwanda. Aliipiga korosho mara moja, ganda likafunguka kama mlango, kiini kikatoka kizima. Wageni wakija, msimamizi aliwapeleka moja kwa moja mstari wa tatu. Naye Devayani hakuinua macho. Aliwaacha watazame, akajua wanatazama.

Kitu kimoja tu walimcheka. Kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto kilikaa juu, mbali na korosho, kimenyooka peke yake. Vidole vingine vilikuwa vyeusi kwa yale mafuta makali ya ganda yanayochoma ngozi, hata majivu ya kujipaka hayakusaidia sana. Hicho kimoja kilibaki na rangi yake. Nabeesa alikiita bi harusi, maana hakifanyi kazi na kila mtu anakitazama. Asubuhi, badala ya salamu, humuuliza, "Bi harusi wako kaamkaje?"

Kila Jumanne saa ya chai, Gopalan muuza tiketi za bahati nasibu alifika getini na ubao wake kifuani, tiketi zimebanwa kama nguo juani. Kila Jumanne, kwa miaka kumi na tisa, Devayani alinunua moja. Jumanne moja Gopalan alikuja mapema, bila ubao, na gazeti mkononi, jasho linamtoka.

"Devayani, toa tiketi yako ya wiki iliyopita," alisema. "Isome polepole, herufi kwa herufi, usije ukaniua bure."

Akaisoma. Gopalan akasoma gazeti. Nabeesa akazisoma zote mbili, maana hakuwaamini. Ilikuwa zawadi ya kwanza, rupia laki themanini. Serikali ingekata yake na wakala angechukua chake, zingebaki laki hamsini, na hizo tu zilitosha kuwafanya wanawake wa mistari yote waache nyundo.

Devayani alikunja tiketi, akaiweka ndani ya blauzi yake, akarudi kwenye jiwe.

"Unakwenda wapi wewe?" Nabeesa alimuuliza.

"Nina nusu debe hapa. Nani atanimalizia?"

Akalimalizia. Hata leo, ukifika pale, watakuhadithia hilo la nusu debe kabla hawajakuhadithia la laki themanini.

Tiketi ililala kwenye kopo la unga wa mchele na ikaamsha mtaa mzima. Siku ya pili ukumbi wake mdogo ulijaa watu. Walikuja wa hekalu na kitabu cha risiti, wa chama na kitabu cha risiti, wa timu ya mpira ambayo hakuna aliyewahi kuiona uwanjani, nao wana kitabu. Binamu wa marehemu mumewe alikuja na mpango wa mabwawa ya kufugia kamba. Mtu wa bima alileta halua, akakaa mpaka halua ikaisha.

Na Baiju alikuwepo, mwanawe wa pekee. Baiju alikuwa na miaka thelathini, mke mpole aitwaye Remya, mtoto mchanga wa kike, na bajaji ya mtu. Hakuwa mtoto mbaya. Ila ndoto zake zilizoea kuamka kabla yake. Siku ya tatu alisimamisha njia panda bango la kumpongeza mama yake, na kwenye bango hilo picha ya Baiju ilikuwa kubwa kuliko ya mama. Siku ya nne alileta fundi wa kupima kiwanja kwa ajili ya ghorofa.

"Ghorofa ya nani?" Devayani aliuliza.

"Yetu, mama. Juu tutaweka vyumba vitatu na roshani."

"Mimi magoti yangu yanalia kwa ngazi moja ya mlangoni. Huko juu atakaa nani, kunguru?"

Siku ya tano walikwenda benki, mama na mwana. Karani wa pale, msichana aitwaye Jisha, aliwakalisha, akaagiza chai, akaitazama tiketi kama mtu anayetazama mtoto wa mfalme. Kisha akaeleza. Akaunti ya Devayani ya zamani ilikuwa imelala miaka mingi. Ili iamke na tiketi ipokelewe, ni lazima aweke kidole kwenye kimashine, alama zake zilinganishwe na zile serikali ilizochukua wakati wa kuandikisha watu.

Devayani akaweka kidole gumba. Taa ikawaka nyekundu. Akaweka gumba la pili, nyekundu. Vidole vya shahada, kimoja kimoja, nyekundu, nyekundu. Jisha akavipangusa kwa kitambaa chenye maji ya moto, wakajaribu tena. Vilikuwa laini kama nyuma ya kijiko. Mafuta ya korosho yalikuwa yamekula mistari yote.

"Mashine inasema si wewe, mama," Jisha alisema kwa huruma.

"Basi iniambie mimi ni nani."

Jisha alicheka kidogo, kisha akaona mama hacheki. Akasema wabanguaji wengi yanawapata hayo. Dawa ni kupumzisha mikono wiki mbili tatu, ngozi ikue upya. Au kuna njia fupi. Akaunti ifunguliwe kwa jina la mtu wa karibu mwenye vidole vyake, hata leo leo.

Baiju alikuwa ameshavuta kiti karibu na meza. "Andika langu, mama. Si mimi na wewe ni kitu kimoja?"

Devayani aliitazama mikono yake. Alikuwa amekumbuka geti la kiwanda, Jumamosi za mshahara, zamani, na mumewe amesimama pale na mkono umeshanyooshwa. Miaka kumi na mbili mshahara ulitoka kwa karani wa kiwanda ukaingia kwa mume, ukipita kwenye kiganja chake yeye kama maji yanavyopita kwenye mfereji. Mume alipokufa, Mungu amrehemu, Devayani alilia msiba wake wote sawasawa. Lakini Jumamosi ya kwanza aliyotembea na mshahara wake mpaka nyumbani aliikumbuka zaidi ya siku ya harusi.

"Nimebaki na siku ngapi?" alimuuliza Jisha.

Tiketi ilitakiwa kuwasilishwa ndani ya siku thelathini tangu kuchezeshwa, wiki nzima ilikwisha pita kabla Gopalan hajaleta gazeti, na tano zimekwenda tangu hapo. Zimebaki kumi na nane.

"Nitapumzisha mikono," Devayani alisema. "Nyundo nimeishika kwa mkono wangu. Na hizi fedha nitazishika kwa mkono wangu."

Akapumzika, na kupumzika kulimshinda kuliko kazi. Asubuhi Remya alimpaka mafuta ya nazi na manjano, akamfunga vitambaa, akamkataza hata kumenya mhogo. Devayani alikaa kibarazani mikono mapajani kama bi harusi wa kweli. Wageni waliendelea kuja, na kila mmoja alipewa chai na jibu lile lile: subiri kwanza, hela yenyewe bado hainijui.

Kukaa bure kulimpa kitu kimoja, nafasi ya kuwaza. Mikono inapofanya kazi kichwa hulala. Sasa kichwa kiliamka. Alianza kuona kwamba kila aliyekuja alikuwa na matumizi tayari kwa fedha zake, na wote walimwelezea kwa upendo mkubwa, na hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Akajiuliza mwenyewe. Alitaka bafu lenye mlango unaofunga. Alitaka paa lisilovuja juu ya kitanda cha mjukuu. Alitaka kila mwezi kitu kidogo kiingie bila kumwomba mtu, mpaka siku yake ya mwisho. Alishangaa orodha ilivyokuwa fupi.

Na jambo jingine lilimkaa rohoni. Mtaa mzima umefika, Nabeesa hajafika. Nabeesa aliyekuwa akiishi nyuma tu ya ukuta wake, kwenye kibanda cha kupanga, kiwanja cha mtu aliyeko kazini nchi za Ghuba ambaye kila masika alituma salamu kwamba anataka kuuza. Siku ya kumi Devayani alishindwa, akamvizia njiani jioni akitoka kazini.

"Hata chai ya kwangu siku hizi ina sumu?"

"Kwako kuna foleni, shoga. Niliogopa kukanyagwa."

"Nabeesa."

Nabeesa alihamisha sufuria la chakula kutoka mkono huu hadi huu. "Nikija, watasema naye ameleta kitabu chake cha risiti. Nimekaa ubavuni kwako miaka arobaini na mbili sijakuomba hata chumvi. Ngoja wale waishe, nitakuja kunywa chai."

Akaenda zake, mgongo umenyooka. Devayani alimtazama mpaka alipokata kona. Ilimuuma, na ilimpendeza pia, yote mawili kwa pamoja.

Siku tano kabla tiketi haijafa, walirudi benki. Devayani alikuwa amevaa sari yake ya sikukuu. Akaweka gumba. Nyekundu. Gumba la pili, nyekundu. Shahada, nyekundu. Ngozi ilikuwa imekuja, lakini ilikuwa ngozi changa, tupu, kama daftari lisiloandikwa. Jisha alishika mashavu. Baiju akatoa fomu mfukoni, imeshajazwa, bado sahihi tu.

"Mama, siku tano. Zikipita ni karatasi ya kufungia bajia. Unataka tukose sote kwa ajili ya jina?"

Na hapo, kwa mara ya kwanza, Devayani alitikisika. Mwanawe hakuwa anasema uongo. Aliishika kalamu, akaiweka chini. Akasema apewe mpaka kesho.

Kesho yake hakwenda benki. Miguu ilimpeleka ilikozoea. Akapita geti la kiwanda, akafika mstari wa tatu, akakaa mahali pake mikono mapajani. Msimamizi alimwona akageukia upande mwingine. Nabeesa alisogeza debe lake kumpisha, akaendelea kugonga. Ya benki alishayasikia, mtaa mzima ulijua mashine imekataa vidole. Wanawake hawa wakishindwa kuzungumza hutegeana vitendawili, na atakayeshindwa hutoa mji. Kwa miaka arobaini wamegawiana Mumbai, Delhi na Kochi mara nyingi kuliko wafalme.

"Kitendawili," alisema Nabeesa.

"Niache leo."

"Kitendawili."

Devayani akapumua. "Tega."

"Kwetu tuko kumi tumbo moja. Tisa wanazima moto kutwa kucha, wa kumi yuko kibarazani anapunga upepo."

Mstari mzima ulipunguza nyundo usikie. Devayani alijaribu. Lakini kichwani mwake palikuwa na taa nyekundu na fomu ya Baiju, kila jibu likawa benki. Alisema ndugu. Alisema nyota. Akasema, "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Trivandrum."

"Na bunge lake la jimbo?"

"Na bunge lake."

"Nimekwenda Trivandrum," Nabeesa alisema, "nikakaa nikala nikashiba, nikarudi nikakukuta bado umekaa juu ya jibu. Ni wewe, bibi, na vidole vyako. Tisa vina moto. Wa kumi ni huyo bi harusi wako."

Wanawake walicheka. Devayani hakucheka. Aliinua mkono wa kushoto, akakitazama kidole cha mwisho kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Kidole kilikuwa na mistari. Ilizunguka, ikakaribiana, duara ndani ya duara, mizima kama siku aliyozaliwa. Jisha alijaribu magumba na shahada. Hakuna aliyefikiria vile vya pembeni. Nani ana haja na kidole cha mwisho?

Na siku ile serikali ilipopita kuandikisha watu, kiwanda kilikuwa kimefungwa miezi minane. Devayani alikumbuka vizuri, maana ilikuwa miezi minane ya njaa. Walimchukua vidole vyote kumi, na vyote vilikuwa safi.

"Shoga, inuka twende," alisema, sauti imembadilika.

"Mimi nina debe. Nenda wewe na bi harusi wako."

Baiju alimpeleka kwa bajaji, amenuna, fomu iko mfukoni. Pale mezani Devayani hakukaa. Alikunja pindo la sari, akanyoosha kidole cha mwisho, akakilaza juu ya kioo kidogo cha mashine.

Taa ikawaka kijani.

Jisha alisoma kilichotokea kwenye kompyuta, kwa sauti, watu wakageuka: "Devayani, binti Kunjan." Akasoma mwaka wa kuzaliwa, akasoma kijiji. Devayani alisikiliza yote amesimama wima, kama askari anayesomewa cheo. Kisha akaomba asomewe tena tangu mwanzo.

Baiju alikuwa bado anakitazama kile kidole. "Kwa nini hicho tu?"

"Ulipozaliwa," Devayani alimwambia, "bibi yako alinikalisha chini. Mwanamke wa korosho, alisema, lazima abakize kidole kimoja cha mtoto. Mafuta yale yakigusa jicho la mtoto mchanga, jicho limekwenda. Hiki ndicho nilichokutilia wanja. Hiki ndicho ulichokinyonya nilipokuachisha ziwa. Ulipokua nikasahau kukishusha."

Baiju alitia mkono mfukoni. Akaitoa fomu, akaikunja mara mbili, mara nne. "Wamekicheka miaka yote," alisema. "Kumbe ndicho kilikuwa kazini."

"Ghorofa hakuna," mama yake alimwambia.

"Nimeelewa."

"Lakini hiyo bajaji unayoendesha, ya nani?"

"Unajua ni ya mtu."

"Itakuwa yako. Jina lako litakaa hapo, kwenye karatasi yake. Liandike kubwa kama kwenye bango."

Fedha zenyewe zilichukua miezi miwili kufika, na zilipofika hazikufanya kelele. Sehemu kubwa ilikwenda kulala benki kwa muda mrefu, faida yake ikawa inatoka kila mwezi, kwa kidole kile kile. Paa likapigwa vigae vipya. Bafu likapata mlango na komeo la shaba. Hekalu lilipata mafuta ya kuwashia taa zake mwaka mzima, si zaidi. Binamu wa mabwawa ya kamba alipata chai. Bango la njia panda lilishushwa likafunika kuni, likawafaa sana masika. Baiju bado huitaja ile roshani mara moja moja, hasa kukiwa na wageni.

Baada ya sikukuu ya Onam, Jumanne, Devayani alirudi kiwandani. Wengine walidhani ametembea tu. Alivuta jiwe lake, akajipaka majivu, akashika nyundo. Nabeesa alimuuliza kama hela zimeisha.

"Zipo. Mikono ikikaa bure inaanza kusikiliza maneno ya watu."

Wakagonga mpaka saa ya chai. Gopalan akaja getini, Devayani akanunua tiketi yake moja. Aliporudi alifungua sufuria la chakula, akatoa chini ya kifuniko bahasha iliyofungwa kwa gazeti.

"Ule mji niliokupa, Trivandrum," alisema. "Nimeuulizia. Una wenyewe."

"Nilijua utanidhulumu."

"Nimekuletea mwingine. Mdogo."

Devayani aliifungua bahasha, na Nabeesa akaitazama karatasi ya juu. Palikuwa na mihuri, palikuwa na ramani ndogo ya kiwanja nyuma ya ukuta wa Devayani, kile cha mtu wa Ghuba, na palikuwa na jina. Alijua kusoma jina lake. Nyundo ya jirani ilisimama, kisha ya pili yake.

"Sitaki sadaka, Devayani." Alilisema taratibu, bila kumwita shoga.

"Sadaka napeleka hekaluni. Wewe ulitega, mimi nikashindwa, mstari mzima ulisikia. Unataka niitwe mwizi wa miji?"

"Alishindwa, tulisikia," sauti ilitoka mstari wa nyuma. "Alipe."

Nabeesa alinyoosha mkono kuichukua, akaukuta mweusi, unang'aa mafuta. Akautazama wa pili, vilevile. Akavihesabu vidole vyake vyote kumi kwa macho, hakupata kisichochafua. Basi Devayani akaishika karatasi mbele yake, kwa kidole cha mwisho na ukingo wa kiganja, mbali na majivu, mbali na korosho.

Nabeesa alisoma mpaka chini. Alipofika mwisho alikohoa.

"Mji hauna hata bunge," alisema.

"Hauna."

"Shika hivyo hivyo. Nianze tena juu."